Tumbo la Heshima

Tumbo langu lilipoanza kukua, nilifikiri ni baraka.

Nilikuwa fundi wa kushona pale Kadutu, mjini Bukavu, hatua chache kutoka sokoni, na kazi yangu kubwa ilikuwa abakosti, ile suti isiyovaliwa tai. Miaka ile ya Zaïre, mwanaume mwenye cheo, na yule aliyekuwa anakitafuta, hakuvaa kitu kingine. Niliwashonea walimu, makarani na wakubwa wa chama, na kazi hiyo ilinifundisha kwamba heshima ya mtu hupimwa kiunoni. Mwembamba akiingia, nilimwita "citoyen", raia kama raia wengine, na kumwacha asimame. Mwenye tumbo nilimwita "patron" na kumpangusia kiti. Kwa hiyo vifungo vya abakosti yangu mwenyewe vilipoanza kulalamika, sikuogopa hata kidogo. Nilifumua mishono ya ubavuni, nikaongeza kitambaa, nikajitazama kwenye kioo cha wateja. Nikasema, Kalume, na wewe umefika.

Niliona pia kwamba mikono na mapaja yalikuwa yanakonda. Hilo nililieleza kwa urahisi: unono ulikuwa umeanzia katikati, sehemu nyingine zingepata zamu yao. Miguu ilipovimba hadi viatu vikakataa, nilinunua sandali na kusema ni kwa ajili ya joto. Bukavu hakuna joto. Lakini nani angembishia mtu mwenye tumbo kama lile?

Kuhusu pombe, nilikunywa kama watu wote. Hivyo ndivyo nilivyomjibu mke wangu Cibalonza kila alipouliza: kama watu wote. Watu wote hao walikuwa Grégoire. Alikuwa seremala, jirani yangu, na tulikutana kila jioni kwenye nganda, baa ndogo ya Maman Nyota. Bia ilipopatikana tulikunywa bia, ilipokosekana tulikunywa kasiksi ya ndizi, na siku za huzuni tulikunywa kanyanga, ile kali ya kuchoma koo. Tulikuwa watu wa huzuni nyingi.

Siku moja ya sikukuu ya chama kulikuwa na gwaride mjini. Nilikwenda kusimama na umati kama kawaida, nikiwa nimevaa abakosti yangu mpya ya kijivu. Mtu wa protokole alipita mbio akitokwa jasho, akaniona, akaona tumbo, akashtuka kana kwamba amekosea adabu.

"Patron! Juu ya nini unasimama hapa na raiya? Kuya, kuya!"

Akanishika mkono, akanipandisha jukwaani, akaniketisha chini ya turubai pamoja na wakubwa. Sikupinga. Niliketi, nikakunja mikono juu ya tumbo na kuwatazama wanafunzi wakipita kama vile nilikuwa nimewatuma mimi.

Kando yangu aliketi mama mmoja aliyevaa kitenge cha sikukuu. Alikuwa Docteur Mapendo, daktari aliyekuwa ametoka kusoma Kinshasa na kuanza kazi katika hospitali moja ya mjini. Mimi sikumjua bado. Niliona tu kwamba ananiangalia: kwanza macho, kisha viganja vya mikono, kisha miguu yangu ndani ya sandali. Nikanyoosha mgongo. Mwishowe aliinama karibu, akasema kwa sauti ya chini:

"Citoyen, unakunywaka?"

"Asante sana, citoyenne," nikamjibu. "Moja tu, ya baridi. Usijisumbue."

Hakucheka.

"Siulizi juu nikupatie. Macho yako iko ya manjano."

"Ni jua."

"Jua iko nyuma yetu. Kesho asubuhi ukuye ku hôpital, uulize Docteur Mapendo."

Nilikwenda, lakini msidhani ni hofu iliyonipeleka. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimealikwa na mtu niliyekaa naye jukwaani. Nilivaa abakosti ileile. Yeye akanivua, akanilaza kitandani, akanigongagonga tumbo kwa vidole kama mama anayechagua boga sokoni.

"Hii si mafuta," akasema. "Ni maji."

Akanieleza taratibu. Ini langu lilikuwa linakauka na kushika makovu kwa sababu ya pombe. Damu haikupita humo vizuri tena, na maji yalikuwa yanavujia tumboni na miguuni. Kovu halitarudi kuwa nyama, akasema, ila sehemu iliyobaki inaweza kunifanyia kazi miaka mingi kama nikiacha.

"Kuacha kidogo?"

"Kuacha yote. Lakini usiache peke yako nyumbani kwa ghafla, mwili wako umezoea, unaweza kupata kifafa. Kuya tukulaze hapa, tukuangalie. Nitakupatia na vidonge vya kutoa maji. Chumvi, hapana. Na ukule: maharage, mayai, samaki. Mwili yako inakula nyama yake yenyewe."

Mimi ni fundi, na siku hiyo sikio langu lilifanya kazi ya mkasi. Lilikata "kuacha", likakata "tukulaze", likakata chumvi, likaniachia neno moja zuri: ukule. Nilitoka pale nikijua kwamba ugonjwa wangu unatibiwa kwa chakula.

Na kwa habari ya chakula kinachotibu, Bukavu nzima ni hospitali. Nilipotamka tu neno "ini" sokoni, kila mtu alikuwa na mjomba aliyepona. Mmoja aliniambia nitafune mbegu za papai. Mwingine alisema limau na kitunguu saumu kabla ya kula kitu chochote. Mama mmoja wa Mudaka aliniuzia betterave, kiazi chekundu nene kama ngumi, akasema maji yake mekundu huwa damu moja kwa moja. Nilichemsha majani ya mubirizi, machungu hadi masikio yanasinyaa, nikayanywa huku nimefumba macho. Grégoire yeye aliniletea ini la mbuzi, bado lina damu.

"Ulichome kidogo tu," akasema. "Ini inajengaka ini. Ni kama mutu akikula bongo, anakuwa na akili."

Nilimtazama, nikaona wazi kwamba bongo hajawahi kula. Lakini ini nililila.

Asubuhi, basi, hapakuwa na mgonjwa mwenye bidii kunishinda. Jioni nilikuwa kwa Maman Nyota, chupa mkononi, nikiwafundisha watu faida za betterave. Nilikuwa nimejitengenezea mpango: papai la asubuhi lilinipa ruhusa ya chupa ya kwanza, mubirizi ya pili, kitunguu saumu ya tatu. Siku niliyotaka kunywa zaidi, nilikula zaidi. Watu walinisikiliza kwa makini. Mtu mwenye tumbo kama langu, walisema, lazima anajua habari za chakula.

Cibalonza alipika maharage yasiyo na chumvi, maana alikuwa amekwenda hospitali kuuliza mwenyewe, na mimi niliyanyunyizia chumvi akigeuka. Mwishowe alimwita mama yake kutoka Kabare aje akae nasi kidogo. Sikuelewa kwa nini. Nilidhani ni kwa ajili ya mavuno kuwa mabaya.

Mama mkwe wangu aliitwa Agathe. Serikali ilikuwa imewaambia watu waache majina ya ubatizo; wengi tuliendelea kuyatumia chini kwa chini, lakini yeye alisema waziwazi kwamba Bikira Maria hakupata habari hiyo. Alikuwa mama wa Legio ya Maria kanisani, mwenye rozari shingoni, na kinywa chake hakikuwahi kugusa pombe. Kufuatana na desturi yetu, mimi na yeye hatukutazamana usoni wala kula pamoja. Duka langu lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, na pazia lilitenganisha chumba hicho na ndani. Tulizungumza kupitia pazia, kwa adabu, na tulipokutana mlangoni kila mmoja alitazama ukuta wake.

Wakati huohuo nilikuwa natengeneza dawa yangu kubwa. Mtu wa Idjwi alikuwa ameniletea mananasi matamu kwa malipo ya suruali, nami niliyakatakata pamoja na maganda, nikayatia ndani ya ndoo ya bluu. Nikaongeza limau, kitunguu saumu, betterave iliyopondwa na majani ya mubirizi. Kwa sababu uchungu ulizidi, nikamimina sukari ya Kiliba, nyingi. Nikajaza maji, nikafunika, nikaiweka kando ya jiko la makaa nililotumia kwa pasi, mahali penye joto la kutosha.

Siku chache baadaye ndoo ilianza kuimba. Nilifunua, nikaona povu na vipovu vinapanda vyenyewe, bila moto. Nikamwita Grégoire aje ashuhudie.

"Inatokota yenyewe!" nikasema. "Umeona nguvu ya hii dawa?"

Tulikunywa kikombe kimoja kimoja. Joto lilishuka hadi magotini. Tukanywa kingine. Grégoire alijishika ubavu, akasema anasikia ini lake linacheza. Mimi nilizaliwa katikati ya migomba, nimekua nikiwaona wazee wakigeuza ndizi kuwa kasiksi kwa njia hiyohiyo, na bado sikutambua nilichokitengeneza. Au labda pua ilitambua, ikaamua kunyamaza kwa faida ya jamaa nzima.

Ikaja Alhamisi moja, Cibalonza yuko sokoni. Nilikuwa nampima suruali Bwana Gaston, mkuu wa shule, mtu mkali na msafi, amesimama mbele ya kioo na pini kuanzia kiunoni hadi kwenye pindo. Sauti ya mama mkwe ikatoka nyuma ya pazia.

"Mukwe wangu, niko na tumbo ya gaz tangu jana. Ile dawa yako ya majani inaweza nisaidia?"

Sijui kama mnaelewa furaha niliyoipata. Mama mkwe, mbele ya mkuu wa shule, ananiomba mimi dawa! Nikajaza kikombe kikubwa, nikakipitisha chini ya pazia huku nimegeuza uso.

"Ukunywe yote, mama. Ni matunda tu na majani."

Baada ya muda kikombe kilirudi kitupu. "Ni tamu," akasema. "Gaz inashuka. Ongeza."

Nikaongeza. Nikamweleza Bwana Gaston sifa za mubirizi. Nikaongeza tena.

Kisha tukasikia wimbo. Ulikuwa wimbo wa Bikira Maria, ule wanaouimba wakati wa maandamano, ila mwendo wake ulikuwa wa rumba. Pazia likafunguka. Mama Agathe akatoka, kitambaa cha kichwa kimeegemea sikio moja, akavuka chumba kwa hatua za dansi, akaketi kwenye kiti changu cha mapatron, juu ya koti la Bwana Gaston. Akaniangalia usoni. Tangu nimwoe binti yake alikuwa hajawahi kuniangalia usoni.

"Kalume," akasema.

Jina langu! Mkwe haitwi jina. Nilitazama ukuta, lakini ukuta wote ulikuwa kioo, na humo nilimwona bado ananiangalia.

"Kalume, ile tumbo miye minaijua. Baba ya Cibalonza alikuwa nayo. Ile ile. Batu balimuheshimu! Balimupatia kiti ya mbele ku kanisa. Alikuwa anaipapasa hivi." Akajipapasa tumbo, akacheka. "Kisha macho ikakuwa manjano. Kisha akatapika damu, ikajaza basini, ile beseni ya kunawia, na miye ndiye nilishika basini. Batu bakasema ni karuho, bamemulisha sumu. Na miye nikasema ndiyo, ni karuho, juu ilikuwa haya kusema ingine. Hakuna mutu alimulisha. Alikunywaka. Na kikombe, nani alikuwa anamuletea? Miye."

Bwana Gaston alisimama bila kujongea, kwa adabu na kwa sababu ya pini.

"Sitaki mutoto wangu akuwe mujane," akasema mama mkwe, "na aanze kutafuta nani alikuroga." Akafuta machozi kwa mkono wa koti la mkuu wa shule, akaegemeza kichwa, akalala. Alianza kukoroma palepale.

Bwana Gaston aliokota kikombe, akakinusa.

"Citoyen Kalume, hii ni pombe."

"Ni dawa ya ini."

"Ni pombe ya mananasi," akasema, na akamalizia iliyobaki, labda kuhakikisha.

Cibalonza alitukuta hivyo: mama yake anakoroma kwenye kiti, mkuu wa shule na pini zake, na mimi katikati na utepe wa sentimita shingoni. Alikwenda kwenye ndoo, akainama, akainuka. Akaniangalia.

"Umelewesha mama yangu?"

Nilikuwa na majibu kwa kila swali la ini, nilikuwa nimewajibu walevi wote wa Kadutu. Hapo nilivua utepe shingoni, nikaanza kuukunja. Yeye alibeba ndoo, akaimwaga kwenye mfereji wa nje, akarudi akamfunika mama yake kitenge. Nikaona kwamba hakuwa na hasira, ila alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama lile basini la damu.

Mama mkwe aliamka kabla ya jua kuzama. Nilisikia anafunga vitu vyake haraka nyuma ya pazia, anataka kurudi kwake kwa miguu. Nikakaribia, nikapiga magoti upande wangu.

"Mama, usiende. Mvua iko karibu."

Akaacha kufunga vitu: "Mukwe wangu... kichwa inauma. Nilisema kitu?"

"Ulisali, mama," nikasema. "Ulisali vizuri sana."

"Ku mbele ya mugeni?"

"Mugeni alifurahi."

Alishusha pumzi ndefu. Nikamwambia kesho yake naingia hospitali, na kwamba Cibalonza atamhitaji hapo nyumbani. Nilisikia anafungua tena mzigo wake.

Ningependa kusema nilipambana kishujaa. Nililala kwenye kitanda cha chuma na kutetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Nikaanza kuona pini. Blanketi lilijaa pini, maelfu, na mimi, fundi mwaminifu, nilizikusanya moja moja na kumkabidhi mwuguzi azihifadhi. Alizipokea zote kwa mikono mitupu na kunichoma sindano ya kweli. Hali hiyo ilipopita, Docteur Mapendo alinitoboa tumbo na kuanza kutoa maji. Yalikuwa ya rangi ya bia nyepesi, na hilo liliniudhi. Nililala pale nikiangalia cheo changu chote kinachuruzika ndani ya ndoo ya hospitali.

Cibalonza aliniletea chakula, na siku nyingine alikuja mama mkwe, akasimama nje ya dirisha na kupitisha sahani huku akitazama mti. Maharage, mayai ya kuchemsha, samaki wadogo. Bila chumvi. Niliuliza kama dawa zangu zote zilikuwa upuuzi.

"Papai ni chakula," daktari akasema. "Betterave pia, mubirizi ukiipika kama mboga pia. Ukule. Ini mbichi ya mbuzi uiache kabisa, ungekufa na vijidudu mbele ya pombe. Lakini Kalume, hakuna jani inaweza kusafisha asubuhi kitu unamimina kila mangaribi. Ungeacha tu bila kutafuna mbegu hata moja, ungekuwa mbele."

Nikamwambia nimetafuna mbegu nyingi sana. Hapo alicheka, kwa mara ya kwanza.

Nilirudi nyumbani mwembamba. Abakosti ilinining'inia kama nguo iliyoanikwa, na mtaani wakaanza kunong'ona kwamba Kalume amefilisika, au amelishwa karuho. Mama mmoja alinipa hata jina la jirani aliyefanya hivyo. Nilimwambia aliyenilisha namjua, na kwamba tunalala kitanda kimoja, nikimaanisha mimi mwenyewe, akakimbia kwenda kueneza kwamba ni Cibalonza. Ilibidi nizunguke nyumba kwa nyumba kurekebisha, na Cibalonza hakuzungumza nami hadi wiki iliyofuata.

Ini langu halikupona lote. Bado nameza vidonge, bado nachoka mapema, na kuna siku navimba miguu nikienda kinyume na masharti. Kiu nayo haijahama. Ikija, naingia jikoni nakula kiazi, kwa hiyo ninakula viazi vingi.

Grégoire alininunia kwa muda mrefu. Alisema nimemwacha peke yake na huzuni zote. Kisha siku moja alikuja kwangu bila viatu, akanyanyua suruali, akanionyesha miguu. Nilibonyeza kwa kidole, shimo likabaki. Sikumpa ushauri wowote juu ya matunda. Nilimsindikiza hospitali, akalalamika njia nzima.

Sasa Jumapili baada ya misa tunatembea, maana daktari alitaka tutembee. Cibalonza huja nasi kuhakikisha kwamba ni kutembea kweli. Tunatoka Kadutu polepole kuelekea Kasha, na kila tunapofika mbele ya nganda yenye muziki, sisi wanaume wawili wenye watoto wakubwa tunavuka barabara na kupita upande wa pili, tumeshikana mikono.

"Usiangalie," Grégoire huniambia.

"Siangalii."

"Unaangalia!"

Jumapili iliyopita tulifika hadi juu. Grégoire alikuwa hoi, akaketi kwenye jiwe, akasema hatainuka tena. Mama mmoja alikuwa anauza maracuja, matunda ya pasheni, kwenye karai. Cibalonza alinunua, akatugawia, nasi tukayapasua kwa meno na kuyanyonya huku maji yakituchuruzika kidevuni. Grégoire aliuliza kama maracuja husaidia ini. Nilifungua kinywa nimweleze. Cibalonza akanitazama, nikakifunga, nikachukua lingine. Mawingu ya mvua yalikuwa yanapanda kutoka ziwani, Cibalonza akatuambia tusimame.